Retar ya Mutoto Yangu na Kamba ya Drapo

Direkta ya masomo kwenye mutoto yangu alikuwa anafundisha alikuwa anavaa saa mbili ku mukono moja. Ya juu ilikuwa ya Bunia. Ya chini ilikuwa ya basoda, juu basoda ba wakati ile balikuja na saa ya ng'ambo ya ziwa, yenye inatangulia yetu. Ukimuuliza, «Direkta, ni saa ngapi?», anainua mukono, anaangalia ya juu, anaangalia ya chini, anakohoa kidogo, «hum-hum», kisha anakuuliza weye: «Saa ya nani?»

Mimi sikusoma. Masomo nilipita tu pembeni yake, na beseni ya mandazi ku kichwa. Lakini Mungu alinipatia masikio na mudomo. Mutu akisema mbele yangu mara moja, sauti yake inabakia kwangu sawa moshi mu kitenge. Hata ukifua, iko. Mujukuu yangu njo anaandika hii maneno, mi nasema. Anasema: «Koko, usifanye sauti, siwezi kuandika sauti.» Basi andika bila sauti, mama yangu, wenye kusoma batajitafutia.

Mutoto yangu, wa mwisho ku tumbo, alikuwa mwalimu wa première, klase ya kwanza. Batoto badogo, bale benye kamasi, bale benye kulilia mama yabo mpaka saa ya kutoka. Alikuwa na mukono nabo. Bwana yake alikuwa ameenda kuchimba zahabu, vita ikafunga barabara, akabakia kule, na siye tukabakia huku ku Mudzipela, mi, mutoto, na bajukuu. Mashamba yetu ilikuwa ngambo ya mbali, hakuna mutu alikuwa anaweza kufika. Kwa hiyo muelewe vizuri: ile kazi ya masomo njo ilikuwa shamba yetu. Baparan, bazazi ba banafunzi, balikuwa banaletea balimu kitu kidogo, siku ingine mihindi, siku ingine maharagi, siku ingine salamu. Tulikuwa tunakula. Hata salamu tulikuwa tunakula.

Sasa, masasi ilinyamaza kidogo, masomo ikafunguliwa tena. Siku ya kwanza direkta akaita balimu bote mbele ya drapo, ile bendera ya masomo. Mi nilikuwa na beseni yangu ku mulango, nikasikia yote. Alikuwa mutu murefu, mwembamba, viatu vyake vinalia «ñee, ñee», na alikuwa anasema Kiswahili sawa mutu anapanda ngazi, akifika juu anapumuzika na Kifaransa.

«Balimu!» akasema. «Hum-hum. Masomo hapana soko ya samaki, mutu aingie wakati anataka. Saa ni saa. Ler se ler! Drapo ikipanda, mulango inafungwa. Mwalimu mwenye iko inje, iko retar, amechelewa. Retar ya kwanza, tutazungumza. Retar ya pili, hatutazungumza. Retar ya tatu, chaki yake tunapatia mwingine. Hakuna ndugu, hakuna mama, hakuna mugonjwa. Hata mimi mwenyewe!»

Pale akajipiga kifua, pu! Balimu bakaangalia chini, juu bote banajua, direkta alikuwa analala mu parseli, kiwanja ya masomo. Kitanda yake na biro yake bilikuwa binatazamana. Akiamuka, akinyoosha mguu, iko ku kazi. Mutu sawa ule atachelewa na nini? Na ndoto?

Akaita sentineli, mulinzi wa mulango. Sentineli alikuwa muzee, alifanya usoda zamani, zamani kabisa, na bombe ilimuachia sikio moja tu, na ile moja pia ilikuwa ya kusuasua. Direkta akamuambia: «Papa, drapo ikipanda, unafunga. Hata nani akuje, hata mimi, usifungue.» Muzee akapiga kisigino: «EH?» Direkta akarudilia na nguvu. «NDIYO MUKUBWA! HATA NANI!»

Nikacheka kimya ndani ya kitenge. Nilisema, hii maneno itazaa.

Sasa mi nawaelezea barabara. Kutoka kwetu ku Mudzipela mpaka ku masomo, ni kutembea tu, hapana mbali sana. Lakini kulikuwa bintu mbili. Kitu ya kwanza, bariere. Basoda balikuwa bameweka kamba na makopo ya maziwa yenye kulia, na hakuna mutu kupita mpaka jua itoke, na mpaka soda mwenye kamba amemaliza kunawa uso. Ukifika mbele, anakuambia: «Mama, jogoo iko anaota bado, weye unaenda wapi? Rudi.» Kupita njia ya bondeni, hapana. Ile njia tulikuwa tumeiachia basoda na nyoka.

Kitu ya pili ilikuwa drapo ya kambi ya basoda.

Batu ba huku banajua. Drapo ikiwa inapanda, unasimama. Fasi mguu yako iko, pale pale. Ulikuwa unakimbia, unasimama. Ulikuwa unagombana na bibi yako, unafunga mudomo, utamalizia kisha. Hiyo ni heshima ya inchi, tuliikuta, tutaiacha. Lakini wakati ya vita kila mwenye bunduki alikuwa na drapo yake na mulingoti yake. Na mu rompwe, fasi barabara yetu inakutana na ya mujini, bale ba kambi balisimamisha ya kwabo. Mulingoti muzuri, mutu asiseme uongo. Lakini kale kagurudumu ka juu, kenye kamba inapita, kalikuwa na kutu. Drapo inapanda, inapanda, inafika katikati, «kwi!», inakwama. Soda anavuta. Inashuka kidogo. Komanda anapandisha sauti: «Vuta weye! Ulikula nini?» Soda anavuta. «Kwi!»

Na siye bote tuko tumesimama sawa miti ya lupango ya kuzunguka nyumba. Mutu mwenye kusukuma kinga, baiskeli, iko na makayabo, samaki ya chumvi ya Tchomia, nzi banamuimbia ku pua, hawezi kufukuza. Mama iko na mutoto ku mugongo, mutoto anakojoa, maji inashuka polepole mpaka ku kisigino, mama anaangalia mbele sawa mukristo ku komunyo. Mbuzi peke yake njo alikuwa na ruhusa. Alikuwa anapita katikati ya batu, anakula maganda ya ndizi, anaangalia mutu mu macho, sawa anauliza: muko na nini leo?

Vile njo mutoto yangu alipata retar ya kwanza. Na ya pili.

Ya kwanza bakazungumza. Alienda kueleza: «Direkta, drapo ya kambi ilikwama.» Direkta akakohoa: «Hum-hum. Madamu. Drapo moja inakuzuia kufika ku drapo ingine? Ekskize, kisingizio tu!» Maskini, hakukuwa na ubaya, alikuwa hajapita ku rompwe asubui hata siku moja. Kwake barabara ilikuwa maneno ya watu.

Ya pili hawakuzungumza, sawa alivyosema. Mutoto yangu akarudi ku nyumba, akakaa chini bila kutoa viatu. Nikafanya sauti ya direkta, nikafanya sauti ya mbuzi, hakucheka. Akaniambia: «Mama, ingine moja, niko inje.» Kisha akasema kitu yenye iliniuma kupita: «Bale batoto ba première banaanza tu kujua herufi. Mwalimu mwingine akikuja, bataanza kulia upya.» Hakusema: tutakula nini. Hiyo aliniachia mimi niseme mu roho.

Tangu ile siku, kila asubui alikuwa wa kwanza ku bariere, anasimama pale na kamufuko kake ka chaki, anamuangalia ule soda ananawa uso. Alikuwa anataka kumunawisha yeye mwenyewe. Siku ingine drapo ilikwama kidogo tu, akakimbia, akapita mulango tako moja ndani, ingine inje. Sentineli akamupima na macho, akamuachilia. Tuliishi vile, juu ya kamba ya batu bengine.

Kisha muzee moja ku Mudzipela akakufa. Alikuwa mwalimu wa zamani, alifundisha nusu ya muji. Alikufa na uzee, mu kitanda yake, na supu ku mudomo. Wakati ile, mutu kufa vile ilikuwa kitu ya kushangaza. Batu balikuja ku matanga kulia, lakini mu roho banasema: ee Mungu, na siye utupatie ile ya huyu.

Siku ya pili ya matanga munaijua. Machozi imeisha, vyakula bado. Bamama bakaniomba: «Mama weye, tuchekeshe kidogo, hata maiti alikuwa anapenda.» Nikakataa kidogo, juu ni heshima kukataa kidogo. Kisha nikasimama. Nikafanya padiri. Nikafanya komanda na kamba yake, «Vuta weye! Ulikula nini?» Batu bakashika mbavu. Wakasema: «Fanya direkta!» Nikafunga kitenge sawa koti, nikarefusha shingo, nikatembea «ñee, ñee», nikainua mukono, nikaangalia saa ya juu, nikaangalia saa ya chini. «Hum-hum. Muzee, unafika mbinguni saa hii? Saa ya nani? Mulango imefungwa! Ler se ler! Mutakatifu Petero, usifungue, hata mimi mwenyewe!»

Nikapiga kifua, pu! Nikangojea kicheko. Hakuna kicheko. Nikaona bamama banaangalia nyuma yangu, kila moja ametafuta kitu ya kufanya na mikono. Mutoto yangu alikuwa ku moto na sufuria, uso yake ikawa sawa majivu.

Nikasikia nyuma: «ñee.»

Nikageuka polepole. Direkta. Koti nyeusi, kofia mu mukono. Kumbe muzee wa matanga njo alimufundisha kusoma, alikuja kumulilia.

«Endelea, mama,» akasema. «Ule direkta yako. Kisha anasema nini?»

Mi, mwenye mudomo haifungwe hata na kufuli, nikatafuta musaada mu sufuria ya majani ya muhogo. Nikasema: «Kisha... kisha anakaribishwa kula sombe.»

Akakaa. Akakula. Mutoto yangu akamuletea maji ya kunawa, maji ikamumwangikia ku viatu. Nikaona chaki yake inapatiwa mwingine, pale pale, mbele ya sombe.

Sasa ile saa ya jioni, wakati anataka kurudi mujini, soda ameshafunga bariere. Direkta akaenda, akarudi. Batu bakamuuliza, imekuwaje? Akasema: «Nilimuambia mimi ni direkta. Akaniambia yeye ni bariere.» Basi akalala ku matanga pamoja na banaume bengine, ku mukeka, koti ikawa muto ya kichwa.

Asubui nikaweka mandazi mu beseni, mutoto akachukua kamufuko kake, na huyu direkta akatoka na nyasi ku nywele. Tukaenda batatu. Ku bariere, soda iko anasugua meno na kamuti. Direkta anaangalia saa ya juu, anaangalia saa ya chini. Anakohoa. Soda anatema mate, anasugua tena, upande ya nyuma sasa, jino moja moja. Direkta anasema: «Hum-hum. Muheshimiwa.» Soda akatoa kamuti mu mudomo, akakaangalia, akakageuza, akaanza upya na ncha ingine.

Mutoto yangu akaangalia mbali, ku vilima. Nilimujua, alikuwa anauma shavu ndani asicheke. Mi nilikuwa naomba Mungu: fanya huyu kijana meno yawe mingi.

Kamba ikashushwa, tukapita. Direkta akaongeza mwendo. Viatu vinalia sawa bata. Tukafika ku rompwe, na pale, Mungu ni mwema, sauti ya filimbi na ya komanda: «Gardavu, simama wima!» Drapo inaanza.

Tukasimama. Mi na beseni ku kichwa. Mutoto na kamufuko. Direkta katikati, mikono mbavuni, shingo murefu. Mwenye makayabo alikuwa pale, na kinga yake na nzi zake. Mbuzi alikuwa pale. Tulikuwa bote, hakuna mutu alikosa.

Drapo ikapanda, ikapanda. Katikati. «Kwi!»

«Vuta weye!»

Direkta akanong'ona. Mudomo haitikisike, meno imefungwa, sauti inatokea ku pua: «Madamu. Inakuwaka hivi kila siku?»

Mutoto yangu, na yeye kwa pua: «Siku ingine inakuwa mubaya kupita.»

«Mama,» akaniambia, «angalia saa yangu. Ya juu.»

«Direkta, mi sijue kusoma saa. Na iko ndani ya koti. Na niko na beseni.»

Mbuzi akakuja, akanusa viatu vyake. Viatu bilikuwa na harufu ya sombe ya jana. Akaanza kulamba. Direkta macho mbele, anakodoa, mishipa ya shingo inasimama sawa kamba yenyewe. «Kwi!» Drapo ikashuka tena. Komanda akasema mambo juu ya mama ya ule soda yenye sitasema, juu mujukuu iko anaandika.

Kisha direkta akaanza kusema tena kwa pua, polepole, na hii mara haikukuwa sauti ya ngazi. Ilikuwa sauti ya chini. Nazani ni juu tulikuwa hatuangaliane. Mutu anaweza kusema kweli kama hakuna anayemuangalia.

Akasema: «Mama, munakumbuka mwalimu wangu wa kalkil, ile ya hesabu?»

Tulimukumbuka. Alikuwa kijana wa kicheko. Vita ilimukula.

«Ule asubui hakufika. Nilisimama mbele ya balimu bote, nikasema: huyu ni muvivu, akifika atanijua. Nilisema hivyo mpaka saa ya mapumuziko. Na yeye alikuwa amelala ku barabara tangu alfajiri.» Akavuta pumuzi ku pua. «Tangu ile siku, mutu akichelewa, tumbo yangu inakuwa maji. Siwezi kungojea mutu tena. Njo sababu nafunga mulango. Ikifungwa, siangalie barabara.»

Shingo ilikuwa inaniuma na beseni. Mutoto yangu akasema, polepole, kwa pua: «Direkta, na siye tuko ku ile barabara.»

«Najua, madamu.»

«Ukifunga, tunabakia inje nayo.»

Na pale mbuzi akaona kamba ya kiatu, akaivuta. Direkta akafanya «hii!», kasauti kadogo tu, sawa mutu amefinywa, na komanda akageuka: «NANI ANATIKISIKA KULE?» Batu bote tukawa mawe. Mbuzi akatafuna kamba ya kiatu mpaka mwisho, pole pole, na ku mulingoti soda akavuta mara ya mwisho, na drapo ikapanda juu, upepo ikaichukua. Filimbi. Rompwe nzima ikashusha pumuzi pamoja, na nzi za makayabo zikafukuzwa.

Tukakimbia. Muone ile: direkta mbele, kiatu kimoja kinafunguka, «ñee, plap, ñee, plap», mutoto yangu nyuma yake, mi na mandazi inaruka mu beseni sawa vyura. Tukavuka kadaraja. Tukaona masomo. Tulibakiza fasi ya kutupa jiwe, na batoto bakaanza kuimba. Drapo ya masomo ikaanza kupanda nyuma ya lupango.

Nini tungefanya? Tukasimama. Pale pale, mu barabara, inje ya mulango, direkta na kiatu kimoja wazi. Kamba ya masomo ilikuwa muzuri, haikwame, nilijuta. Wimbo ikaisha. Na tukasikia: «kra-kra-kra», sentineli anafunga.

Direkta akaenda, akapiga mulango. «Papa, fungua.»

«NANI?»

«Ni mimi! Direkta!»

Muzee akaweka sikio yake moja ku mulango. «DIREKTA IKO NDANI. DIREKTA HACHELEWAKE.»

«Papa, ni mimi! Nililala ku matanga!»

«HATA NANI!» Na tukasikia anapiga kisigino. «ULISEMA HATA NANI! ULISEMA HATA WEYE!»

Batoto bakajaa ku lupango, macho ku kila tundu ya mianzi. Balimu nyuma yabo, banajifanya kufukuza batoto, na bo pia banatafuta tundu. Mandazi yangu hakuna mutu aliiangalia, na ilikuwa mara ya kwanza.

Nikaangalia mutoto yangu. Alikuwa amefunga kamufuko ka chaki ku kifua na mikono mbili. Hii njo ilikuwa ya tatu. Bote balijua. Kama direkta anasema yeye mwenyewe hapana retar, na mutoto yangu iko retar, batu bataona. Kama anasema bote babili bako retar, ler se ler, yeye itakuwa ya kwanza, atazungumza peke yake mu biro. Lakini mutoto yangu anaenda.

Direkta akainua mukono. Saa ya juu. Saa ya chini. Hakukohoa.

Mutoto yangu akasema, na sauti yake ya kufundisha batoto badogo, ile ya kusema a, e, i: «Direkta, nikuulize kitu. Wimbo ilipoanza, weye ulifanya nini?»

«Nilisimama.»

«Na mi?»

«Ulisimama.»

«Tulikuwa tunasimamia nini?»

Nyuma ya mianzi, mutoto moja wa première, bale benye kamasi, akajibu na nguvu juu alizoea kujibu mwalimu yake: «DRAPO!»

«Hum,» direkta akasema. Mara moja tu. Akavuta koti. «Tulikuwa ku drapo. Mwalimu mwenye anaona drapo na amesimama, iko ku drapo. Hapana retar. Papa, fungua.»

«EH?»

«Mwenye anaona drapo iko prezan, amefika! Fungua!»

«NI AMRI MUPYA?»

«Ni amri mupya!»

«SISIKIE VIZURI, MUKUBWA. SEMA SAWA MUKUBWA.»

Na direkta, nyasi ku nywele, kiatu bila kamba, akajaza kifua na akapandisha sauti mpaka ku soko balisikia: «MWALIMU MWENYE ANAONA DRAPO KUTOKA KU BARABARA, NA AMESIMAMA, IKO PREZAN! HATA MIMI MWENYEWE!»

Kra-kra-kra. Mulango ikafunguka. Mutoto yangu akapita mbele yake, akaingia mu première, na bale badogo bakamurukia sawa anatoka safari.

Amri mupya na yo ilikuwa na mambo yake. Balimu balikuwa banakimbia tu mpaka fasi drapo inaonekana, ku kadaraja, pale banasimama, banapumuzika, heshima nyingi. Na direkta hakuona vibaya. Alitafuta muti murefu ya mukalitusi, akaweka mulingoti mupya, murefu sana, ili mwenye kutoka mbali aone mapema. Haikupita wiki, basoda bakafika: «Nani alisema drapo ya batoto ipite yetu?» Bakataka kuukata. Kukawa maneno, komanda anapima na kidole, direkta anapima na kofia. Mwisho sentineli, soda wa zamani, akabapigia saluti, akasema: «MUKATE. LAKINI MUNIACHIE NIPAKE MAFUTA KAGURUDUMU KENU.» Bakakata mulingoti, drapo ya masomo ikabakia chini ya yabo. Na mi nikatoa mafuta ya mandazi, ile ya chini ya sufuria, nyeusi, muzee akapanda pale ku rompwe na uzee yake yote, akapaka. Kesho yake drapo ya kambi ikapanda sawa ulimi ya mutu muongo. Mwenye makayabo alishangaa, alikuwa hajakusanya nzi hata kidogo.

Retar ya tatu haikufika. Vita ilirudi, masomo ikafungwa, ikafunguliwa tena, na kila mara mutoto yangu alirudi na kamufuko kake ku ile klase.

Lakini hii nilitaka kusema kwanza, ikanipita. Siku chache kisha ya ile mambo, nilikuwa ku mulango na beseni. Balimu bamekwisha kuingia, mulango wazi, na direkta amesimama inje, anaangalia barabara. Moja alikuwa hajafika bado, ule wa cinquième, klase ya tano. Direkta alikuwa anashika tumbo. Tukangojea. Kisha tukamuona ku kadaraja, anakimbia na vitabu ku kichwa, na direkta akaacha tumbo.

Akageuka, akachukua andazi mu beseni yangu. «Mama,» akasema, «fanya sauti yangu.»

Nikaogopa. Lakini mutu akiomba. Nikarefusha shingo, nikainua mukono, juu, chini. «Balimu! Ler se ler! Hata mimi mwenyewe!» Pu!

Akatafuna, anafikiri. Ndani, première balikuwa banaimba a, e, i, na sauti ya mutoto yangu mbele yabo.

«Hapana,» akasema. «Ulisahau kukohoa.»